Tulichoka Kulipia Mwavuli

Wiki hii mmeuliza: je, ni halali mashabiki wanaotengeneza katuni za mtindo wa anime, yaani wa katuni za Kijapani, kuwatoza wafuasi wao ada ya kila mwezi? Kwangu ni halali, hasa wanapobuni wahusika wao wenyewe. Wanaotumia wahusika wa studio nyingine wana suala la hakimiliki, na hilo wenye mali ndio wa kulisemea. Linaloniuma mimi ni jingine: sisi tunaolipa huwa tunadai nini?

Nilikuwa nikimlipia mchoraji mmoja aliyekuwa akitengeneza filamu fupi peke yake. Kwa miezi mitatu mfululizo hakutuonyesha chochote cha filamu hiyo ila msichana akifunga mwavuli mlangoni. Mwezi wa kwanza ilikuwa michoro ya penseli, mistari ikipishana. Wa pili vidole vilipata umbo. Wa tatu matone yakaanza kudondoka kwenye ncha za mwavuli kabla kitambaa hakijakunjika. Tukio zima lilidumu sekunde 4. Nikamwandikia kwa hasira kwamba tumechoka kulipia mwavuli, kisha nikasitisha malipo. Alinijibu kwa upole, akaniambatishia michoro yote ya tukio lile. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, na katika anime mchoro mmoja mara nyingi hushikiliwa kwa fremu 3, kwa hiyo nilitarajia michoro 32. Nilihesabu 96, kwa kuwa mkono ule aliuchora mara tatu, akitafuta namna vidole vyenye baridi vinavyosita kabla ya kubana. Niliipitia yote, mmoja baada ya mwingine, na sijawahi kulionea haya neno nililomwandikia mtu kama nilivyoona siku ile.

Nilirudi kulipa. Hata hivyo, ninapoandika haya nakumbuka jambo ambalo katika barua yake nililipita haraka: nusu ya muda wake ilikuwa ikiishia kwenye zawadi za wafuasi, yaani mabango, kura za kuchagua rangi ya nguo na video za kuonyesha anavyochora, kwa sababu asipotoa kitu kila mwezi watu hujiondoa, kama nilivyofanya mimi. Vijana wa Osaka, Japani, waliochora katuni za kufungulia mikutano ya mashabiki mwaka 1981 na 1983, ambao baadhi yao walianzisha studio ya anime ya Gainax mwaka 1984, walikuwa wakiilenga siku ya mkutano, si kila mwezi.

Kwa hiyo, ingawa nimeanza kwa kuitetea ada ya mwezi, naona afadhali mchoraji alipwe kwa kila tukio analolikamilisha, mradi awe na njia nyingine ya kuishi, sharti ambalo wengi hawawezi kulitimiza. Anayetegemea ada hiyo kulipa kodi ya nyumba siwezi kumwambia aiache. Yule wa mwavuli bado namlipa kila mwezi, ila nimemwomba aliondoe jina langu kwenye orodha ya wanaotumiwa zawadi.