Mwanangu, Mlo wa Jioni Hauanzi Jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma kwa makini. Unaniuliza jinsi mimi na baba yako tulivyoweza kuwapikia mboga siku zote ilhali sote wawili tulikuwa kazini, na jinsi wewe na mwenzio mnavyoweza kufanya hivyo sasa, kwa kuwa mnafika nyumbani jua limekwisha kutua, watoto wana njaa na kazi za shule bado hazijafanywa. Umeongeza kwamba hata mnapojitahidi kupika, mboga hubaki kwenye sahani, na mdogo huzichambua moja moja na kuzisogeza pembeni. Umeyaandika hayo kama maswali mawili, lakini mimi nayaona kuwa na chanzo kimoja.

Katika kupika mboga zimo kazi za namna mbili: zipo zinazostahimili kungoja na zipo zisizostahimili. Kuloweka na kuchemsha maharagwe, au kukaanga vitunguu na nyanya mpaka ziwe rojo, hayo yote yanaweza kufanywa leo na chakula kikaliwa keshokutwa bila ladha kupungua, na rojo huzidi kukolea kadiri linavyokaa. Kinyume chake, majani mabichi yanataka kuingia chunguni dakika chache tu kabla ya kula, na limau na giligilani hutiwa chakula kikiwa kimeshaepuliwa. Anayeingia jikoni usiku na kutaka kuzifanya kazi zote hizo kwa mkupuo mmoja hushindwa, hata awe hodari namna gani, kwa sababu muda alio nao ni wa zile kazi za mwisho pekee. Ndipo anapotia kila kitu katika sufuria moja, akafunika, akaenda kuwaogesha watoto, na akirudi anakuta majani yamegeuka rangi na karoti zimevunjikavunjika. Mboga za namna hiyo mtoto huzikataa, na kwa hakika mimi simlaumu.

Kwa hiyo, chagueni siku moja ya mapumziko na mtenge saa mbili hivi, wewe na mwenzio pamoja. Nasisitiza neno pamoja, kwa maana nyumba ambamo mtu mmoja hupika na mwingine hungoja sahani haiwezi kuudumisha mpango huu. Katika saa hizo mbili, pikeni chungu cha maharagwe au dengu, pikeni rojo, na mzisafishe mboga za wiki.

Maharagwe yaloweke tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha umwage maji yale na utie mapya. Maharagwe mekundu hasa yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, inayoweza kumfanya mtu atapike na kuharisha vibaya, na inayoiondoa ni mchemko mkali. Basi yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, nami huyaachia hata 30, ndipo upunguze moto yaive taratibu. Chungu cha umeme cha kupika polepole, ambacho hakifikishi maji kwenye mchemko, hakitoshi kwa kazi hiyo. Usitie nyanya wala limau kabla maharagwe hayajalainika, kwa kuwa uchachu huyafanya yabaki magumu, na wengi hudhani wameuziwa maharagwe ya zamani kumbe nyanya zimetangulia. Wapo pia wanaotia magadi ili yaive haraka. Ni kweli magadi hulainisha, lakini huharibu vitamini B1, na yakitiwa kwenye majani huyaharibia vitamini C na kuyafanya yapondeke kama uji. Mimi napendelea kuyapa maharagwe muda wake. Dengu hazina masharti hayo. Hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20 hadi 30, kwa hiyo zitawafaa siku ambayo kila mpango umevunjika.

Rojo ndilo jambo ambalo ningependa ulizingatie kuliko mengine yote. Kata vitunguu maji vingi, vitie katika mafuta kwa moto wa wastani, na uwe na subira mpaka viwe na rangi ya dhahabu, kwa sababu utamu wa chakula cha wiki nzima unatoka hapo. Ongeza vitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, visiungue, kisha nyanya zilizokatwa au kukunwa, na uzipike mpaka maji yake yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Kupika nyanya kwa mafuta kuna faida nyingine zaidi ya ladha: ile rangi yake nyekundu, iitwayo likopeni, mwili huipokea vizuri zaidi ikiwa imepikwa na kuchanganyika na mafuta kuliko katika nyanya mbichi. Likishapoa, ligawe katika vyombo vidogo, kila chombo kikitosha mlo mmoja. Vya siku mbili tatu za mwanzo viweke kwenye jokofu na vilivyobaki kwenye friza, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiwa na rojo zuri hutahitaji vile vidonge vya kuongeza ladha, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo katika mkate na vyakula vilivyotengenezwa viwandani.

Kuhusu mboga zenyewe, jambo kubwa ni mpangilio wa kuzila. Nunueni za wiki nzima, lakini mle kwanza zinazoharibika haraka, yaani majani laini na uyoga, kisha pilipili hoho, bilinganya na maharagwe machanga, na mwisho wa wiki mfikie kabichi, karoti na boga, ambavyo vikiwa vizima hukaa muda mrefu. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, si baada ya kukatwa, maana yakishakatwa virutubishi huondoka na maji. Yakaushe vizuri, yafunge katika kitambaa safi, na uyaweke mbali na ndizi na matufaha yaliyoiva, kwa kuwa matunda hayo hutoa gesi inayoyaharakisha majani kugeuka manjano. Viazi vikae gizani. Na tafadhali, noeni kisu, kwa maana kisu butu humpotezea mpishi muda mwingi na ndicho kinachoteleza na kukata vidole.

Sasa tuje kwenye jioni yenyewe. Ukifika, injika kwanza kinachochukua muda mrefu, iwe wali au viazi. Hicho kikikaribia kuiva, pasha maharagwe pamoja na rojo katika sufuria nyingine. Majani yasubiri mpaka sahani ziwe mezani na mikono ya watoto imeoshwa. Dakika 3 hadi 5 zinatosha kwa majani laini, kwa maji yale yale yaliyobaki juu yake baada ya kuoshwa. Rangi ya kijani ya majani ina madini ya magnesi katikati yake, na moto ukidumu magnesi hutoka na rangi hugeuka kuwa ya kahawia iliyofifia. Ukiona majani bado yanang'aa, ujue hujachelewa. Kabichi nayo ina salfa, na kadiri inavyochemka ndivyo harufu ile nzito inavyozidi, hivyo mtu anayesema hapendi kabichi mara nyingi hajawahi kula iliyokaangwa kwa moto mkali dakika chache, ikiwa bado na mkwaruzo mdomoni. Vitamini C na foleti, ambayo ni vitamini ya jamii ya B, huyeyuka katika maji, ndiyo maana napendelea mvuke au maji kidogo sana, na maji yakibaki yatie kwenye rojo, usiyamwage.

Ukikaanga mboga, usijaze kikaango. Vipande vikibanana hutoa maji na kuchemka katika mvuke wao badala ya kukaangika, na ile rangi ya hudhurungi inayoleta utamu haipatikani. Ni afadhali ukaange kwa mikupuo miwili. Kama mna oveni, karoti, boga na koliflawa vikikaushwa vizuri, vikapakwa mafuta na kuokwa kwa nyuzi 200, huwa vitamu kiasi cha kuliwa bila mchuzi, na wakati huo wote wewe unakuwa huru kumsikiliza mtoto akisoma.

Usiogope mafuta kidogo katika mboga. Kiini cha vitamini A kilichomo katika karoti, boga na majani ya kijani kibichi kinahitaji mafuta ili mwili ukipokee. Na unapoepua, kamulia limau, kwa kuwa vitamini C yake huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani, madini ambayo peke yake hayapatikani kwa wepesi. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, basi msivinywe pamoja na mlo. Subirini angalau saa moja. Lifuateni hili hasa wewe na mwenzio, kwa kuwa najua mnavyoipenda chai.

Mpango huu unategemea chakula cha kiporo, na kiporo kina sheria ambazo sitaki uzilegeze hata siku umechoka. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawanye katika vyombo vifupi ili kipoe upesi, kisha kiingie kwenye jokofu lenye baridi isiyozidi nyuzi 5, na ukitoe kwa kadiri unayohitaji, ukipashe mpaka kitoe mvuke kote, hata katikati, mara moja tu. Maharagwe na rojo vilivyo kwenye jokofu viliwe ndani ya siku 3 au 4. Wali uogope zaidi, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na wali ukiachwa katika joto la jikoni hutengeneza sumu ambayo hata kuupasha upya hakuiondoi. Upoze mapema na uule kesho yake.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linataja angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 10, gramu 350 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 250 kwa mwenye miaka 2 hadi 5. Viazi havihesabiwi humo. Usinunue mizani kwa ajili hiyo. Ukihakikisha kwamba mboga zinachukua karibu nusu ya sahani mchana na jioni, na tunda linapatikana kila siku, mtakuwa mmekaribia sana.

Sasa mjukuu wangu mdogo. Usimlazimishe, usimwahidi kitu kitamu akimaliza mboga, na usimfiche mboga ndani ya chakula kingine ukadhani umeshinda, kwa maana mtoto asiyejua kwamba anakula boga hajifunzi kulipenda. Mtoto huhitaji kukutana na chakula kigeni mara nyingi, hata zaidi ya mara 10, kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara ya tatu au ya nne. Mwekee kipande kimoja kidogo, mle wenyewe mbele yake kwa furaha, na akikiacha msiseme neno. Wakati mzuri wa mboga ni ule anapozunguka jikoni akilia njaa chakula kikiwa bado motoni: mpe hapo vipande vya karoti iliyochemshwa mpaka ikalainika, au mbichi iliyokunwa, kwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka 4 anaweza kukabwa na karoti ngumu. Mkubwa wake mpe kazi ya kuchambua na kuosha majani siku ile ya maandalizi, na umwachie achague mboga moja ya wiki. Akichagua ile ile wiki nne mfululizo, mwache.

Kwa wiki hii ya kwanza usijaribu yote. Pika rojo tu, vyombo vinne, na uniandikie ulivyovitumia. Kama vitunguu vitakushinda kwa kuungua kabla ya kulainika, punguza moto na utie kijiko cha maji, kisha endelea. Wiki inayofuata ongeza maharagwe, na ukitaka nitakueleza namna ya kuhifadhi majani kwenye friza, kwani yanahitaji kwanza kuchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili na kupozwa mara moja kwa maji ya barafu, ili yasipoteze rangi na ladha.

Nisalimie mwenzio na watoto. Baba yako anakusalimu sana, na anauliza kama mdogo ameota meno ya nyuma, kwa maana anataka kujua aanze lini kumwokea mahindi.

Mama yako akupendaye