Mwulize Daktari wa Meno: "Saluni imeniahidi meno meupe kwa saa moja"

*Mama Daktari, jambo. Mimi ni binti wa miaka 24, ninakaa Ndosho, hapa Goma, lakini nilizaliwa na kukulia Sake. Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia tangu yalipoota baada ya yale ya utoto kung'oka. Shuleni walinipa jina ambalo sitaki hata kuliandika. Ninaolewa baada ya miezi mitatu. Karibu na soko la Virunga kuna saluni ambayo wanakupaka dawa na kukumulika kwa taa ya bluu. Wanaomba dola 50, na wanasema kwa saa moja meno yanakuwa meupe kabisa. Mama mkubwa anasema dawa hizo zinaozesha meno. Mchumba wangu anasema yeye hana neno na meno yangu. Mimi ndiye ninayefunga mdomo kila picha inapopigwa. Je, dawa hizi ni za hatari? Na mimi zitanifaa?*

Binti yangu, hayo ni maswali mawili, na umefanya vema kuyatenganisha. Dawa inaweza kuwa salama na bado isikufae. Nitaanza na Sake, kwa sababu jibu lako liko huko kuliko lilivyo ndani ya chupa ya saluni.

Mgonjwa mwenye madoa kama yako akiketi kwenye kiti changu, swali langu la kwanza huwa ni maji. Ulikunywa maji gani ukiwa mdogo? Volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, hutoa gesi mchana na usiku, hata miaka ambayo hakuna lava iliyomwagika, na ndani ya gesi hiyo mna floridi. Upepo mara nyingi huisukuma upande wa magharibi, kuelekea Rusayo, Sake na milima ya Masisi. Mvua huikuta hewani, huishusha juu ya mabati, na mabati huipeleka kwenye pipa mnalochotea. Sasa, meno ya ukubwani hujengwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi karibu miaka 8. Floridi ikizidi katika miaka hiyo, enameli, yaani lile ganda gumu la nje, hutoka na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na mabaka meupe yasiyong'aa. Baadaye vitundu hivyo vinanyonya rangi ya vyakula na vinywaji, na baka linageuka kahawia. Hiyo ndiyo fluorosisi. Kama una ndugu aliyelelewa kwa bibi huko Butembo, mbali na volkano, mwambie afungue mdomo mlinganishe: damu moja, maji tofauti.

Kwa hiyo wale waliokuita jina shuleni walikosea kabisa. Hukuwa mchafu, wala hukukataa mswaki. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu kila mara ninapokea wasichana ambao wameyasugua meno kwa mchanga, kwa majivu, hata kwa maji ya Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, wakiamini ni uchafu unaoweza kutoka. Fizi iliyochomwa na Javel nimeitibu mwenyewe. Doa lilikuwa palepale.

Sasa dawa. Dawa ya kweli ya kung'arisha meno ni peroksidi ya haidrojeni, au ndugu yake peroksidi ya kabamidi ambayo ikikutana na mate hutoa hiyo ya kwanza. Inapenya enameli na kuzivunja chembe za rangi zilizoko ndani ya jino. Haikwangui wala haipaki rangi juu. Kabamidi ya asilimia 10 hutoa takriban asilimia 3.5 ya peroksidi ya haidrojeni, na hiyo ndiyo inayotumika nyumbani chini ya usimamizi wa daktari wa meno tangu njia hiyo ilipotangazwa Marekani mwaka 1989. Imetumiwa kwa miaka mingi, imechunguzwa sana, na ikitumiwa ipasavyo haiozeshi meno. Mwambie mama mkubwa kwa heshima kwamba hofu yake si ya bure, lakini kinachodhuru ni dawa kali iliyo mikononi mwa mtu asiyeijua.

Madhara ya kawaida ni mawili. Meno yanapatwa na ganzi kali ya baridi, ukinywa maji unaruka. Hiyo huisha siku chache baada ya kuacha dawa. Na fizi huungua pale dawa inapozigusa: zinageuka nyeupe, zinawasha, kisha zinapona ikiwa dawa haikuwa kali sana. Madaktari wa meno hutumia pia dawa ya asilimia 25 hadi 40, ila kwanza hufunika fizi zote, na hawaondoki kando ya mgonjwa.

Hapo ndipo saluni inaponitia wasiwasi. Umeuliza wanapaka nini? Chupa ina maandishi? Asilimia ngapi? Wakishindwa kukujibu, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Dawa nyingine za namna hiyo hazina peroksidi kabisa bali klorini dayoksaidi, ambayo ni tindikali na inakula enameli. Jino linatoka likiwa jeupe siku hiyo, kisha linabaki na ukwaruvu unaonasa rangi kuliko mwanzo. Na mhudumu wa saluni hana namna ya kujua kama una jino lililotoboka. Peroksidi ikiingia kwenye tundu itafika kwenye mshipa wa jino, na usiku huo hutalala. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 31 Oktoba 2012, dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksidi hadi 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu. Daktari ndiye anayeanza tiba, na mtu aliye chini ya miaka 18 hapewi. Uingereza, mwaka 2013, Mahakama Kuu ilisisitiza kwamba kung'arisha meno ni kazi ya udaktari wa meno, si ya saluni. Sisi tuna meno yaleyale waliyo nayo watu wa London.

Kuhusu ile taa ya bluu: kazi kubwa inafanywa na dawa, taa huongeza kidogo sana. Isitoshe, ukikaa saa nzima mdomo wazi chini ya taa, meno hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Wanakushikisha kioo, unafurahi, unalipa. Baada ya siku moja mbili meno yamelowa mate tena na sehemu ya weupe ule imekwenda. Kwako wewe kuna jambo baya zaidi: mtu mwenye fluorosisi akikaushwa meno, yale mabaka meupe hujitokeza kwa ukali kuliko alivyoingia. Ukipangiwa saluni Ijumaa na harusi Jumamosi, utalia.

Je, peroksidi itakufaa? Kwa sehemu. Fluorosisi ikiwa nyepesi, kung'arisha taratibu hulifanya jino zima lipande rangi mpaka baka lisitofautiane sana na pembeni yake, na kahawia hupungua. Baka jeupe halitoki kwa peroksidi, na siku za mwanzo linaweza kuonekana zaidi kabla halijatulia. Ikiwa kahawia ni nzito na enameli imemomonyoka, peroksidi peke yake haitatosha, na yeyote anayekuahidi meupe "kabisa" hajayaangalia meno yako.

Una miezi mitatu, muda unatosha. Wiki hii nenda kwa dantisti akuangalie matundu na fizi, kisha akufanyie detartraji, yaani kuyakwangua ugaga. Watu wengi wanaokuja kwangu wakitaka kung'arishwa huridhika na detartraji tu, maana walichokuwa nacho ni chai, tumbaku na ugaga. Wewe utahitaji zaidi ya hapo. Mwulize kama anaweza kukutengenezea gutieri, kile kifuniko chembamba cha plastiki kinachofinyangwa kwa kipimo cha meno yako. Unatia tone dogo la kabamidi ya asilimia 10 mbele ya kila jino, unavaa usiku, asubuhi unasukutua. Meno ya kawaida humaliza kwa wiki mbili. Ya fluorosisi huenda mwezi au zaidi. Ganzi ikizidi, ruka usiku mmoja, na tumia dawa ya mswaki yenye nitrati ya potasiamu. Chai ya rangi iache kwa muda huo. Na kama una mimba, au utaipata kabla hujaanza, subiri mpaka umalize kunyonyesha. Hakuna haraka inayozidi hiyo.

Kahawia iliyobaki, dantisti anaweza kuisugua kwa mchanganyiko wa tindikali na unga laini, ambao unaondoa sehemu ndogo tu ya milimita moja ya enameli. Hiyo ni kazi ya kitini, fizi zikiwa zimefungwa kwa mpira. Ukiona mtu anaijaribu bila kukufunga, inuka. Pale ambapo enameli imeharibika, atafunika kwa plombaji, yaani kijazio, ya rangi ya jino. Lakini plombaji isiwekwe kabla ya wiki mbili kupita baada ya dawa ya mwisho: haishiki vizuri mapema, na rangi ya jino bado haijatulia. Kumbuka pia kwamba plombaji na meno ya bandia hayabadiliki kwa peroksidi. Ung'arishe kwanza, ulinganishe plombaji baadaye, kamwe usigeuze mpangilio.

Hizo dola 50 zianzie kwenye uchunguzi na detartraji. Gutieri mtapatana bei, na kliniki nyingi za Goma hukubali kulipwa kidogo kidogo. Uliza bila haya. Mchumba wako amekwisha kukuambia msimamo wake, na mimi ninamwamini. Wewe fanya hili kwa ajili ya picha zako mwenyewe.

*Dokta, mtoto wangu wa miaka 12 alianguka kwenye chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo, mwaka jana. Jino moja la mbele sasa limekuwa la kijivu. Ninaweza kumnunulia dawa ya kung'arisha kwenye farmasia? Baba wa Kibumba.*

Baba, hapana. Jino moja linalobadilika rangi peke yake baada ya kuanguka mara nyingi ni jino ambalo mshipa wake umekufa, hata kama haliumi. Mpeleke apigwe radio, yaani picha ya eksirei, ya jino hilo. Kama mshipa umekufa na mzizi una usaha, kulipaka weupe ni kuficha ugonjwa. Litatibiwa mzizi kwanza, kisha dantisti anaweza kuweka dawa ya kung'arisha ndani ya jino lenyewe kwa siku chache na kulifunga. Dawa za kupaka nje kwa mtoto wa miaka 12 siziungi mkono. Nenda mapema, hata kama anakula vizuri.

*Ninatumia mkaa uliosagwa na ndimu kila asubuhi, marafiki wanasema meno yameng'aa. Niendelee? Kijana wa Birere.*

Acha ndimu leo. Enameli huanza kuyeyuka pale tindikali inapofika pH ya karibu 5.5 (kwenye kipimo hicho, namba ikishuka ukali unapanda), maji ya ndimu yako karibu na 2. Ukimaliza kuilainisha kwa ndimu unaikwangua kwa mkaa, na kinachong'aa ni enameli inayokwisha. Ikishakwisha itaonekana dentini iliyo chini yake, ambayo kwa asili ni ya njano, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kuhusu mkaa wenyewe, watafiti wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwepo mwaka 2017 na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba unang'arisha au kwamba ni salama. Mswaki laini na dawa yenye floridi, mara mbili kwa siku.

*Mama Daktari, ninakaa Mugunga na tuna tanki la maji ya mvua. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 3 na mwingine ana miezi 2. Nifanye nini wasipate meno ya kahawia kama yangu? Ninachemsha maji kila siku.*

Mama, asante sana kwa kuuliza sasa, wakati bado kuna la kufanya. Endelea kuchemsha, maana kuna kipindupindu. Lakini kuchemsha hakuondoi floridi; maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki ndani ya yale yaliyosalia. Klorini nayo haiigusi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na anayeweza kukupimia ni maabara, si macho wala ulimi. Ukiweza kuwa na maji ya aina mbili, ya tanki yawe ya kufulia, kuoshea vyombo na kuogea. Ya kunywa na ya kupikia uji wa mtoto mkubwa yatoke kwenye chanzo kilichopimwa. Tanzania, pale Ngurdoto karibu na Arusha, wamekuwa wakichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ni mkaa maalumu uliochomwa kwa utaratibu wake, kwa hiyo usijaribu kuuchoma nyumbani.

Mdogo mnyonyeshe bila kumpa maji hadi atimize miezi 6. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nyingi. Mkubwa mpigie mswaki wewe mwenyewe, dawa isizidi ukubwa wa punje ya njegere, na umfundishe kuitema.