Mdogo wangu wa Malindi, usingoje kizibo

Juzi kijana mmoja wa Malindi ameniandikia. Ana nasuri, yaani tundu linalotoa usaha, pembeni ya njia ya haja kubwa, ameambiwa apasuliwe, naye anataka kwanza angoje kizibo cha ng'ambo, kile kinachotiwa ndani ya tundu kikayeyuka chenyewe mwilini. Niliusoma ujumbe mara tatu.

Mimi nilificha miaka miwili. Lilianza jipu, likapasuka, nikashukuru. Kumbe limeacha njia chini ya ngozi, usaha unatoka kila siku. Muuza dawa mmoja hapa Lamu akasema ni bawasiri, nami nikapaka malhamu, maana kuvua nguo mbele ya mtu sikutaka. Msikitini nilihamia safu ya nyuma, kitambaa ndani ya kikoi, nikitawadha upya kila sala. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Baba watoto, aibu hii itakuzika." Nikavuka Mokowe, nikapanda basi la Mombasa, nimekalia tako moja mpaka Malindi, na safari bado.

Daktari alipitisha uzi kwenye ile njia ili usaha usituame. Miezi mitano nilikaa nao, kila jioni nakalia beseni la maji ya vuguvugu. Kisha upasuaji wa pili. Huu mwaka wa tatu ni mkavu, na safu ya kwanza nimeirudia.

Kizibo nami nilikitamani, kwa kuwa hakikati msuli unaozuia haja. Lakini Uingereza walikijaribu kwa wagonjwa 304: wengine kizibo, wengine njia aliyoichagua mpasuaji, uzi ukiwemo. Baada ya mwaka, katika kila 100 wa kizibo walipona 54, wa njia nyingine 55. Sasa unangoja nini? Tena kile kilichojaribiwa kimetokana na utumbo wa nguruwe. Viko vya nyuzi za kiwandani, ila Muislamu aulize kabla ya kutia saini.

Wanaume wa pwani, tuache kuoza kimyakimya! Vua nguo, daktari aone. Muulize njia imepita wapi kwenye msuli, kiasi gani kitakatwa, na choo utakizuia? Asipokujibu, tafuta mwingine. Lakini nenda.

Na wewe, mdogo wangu, ukipangiwa siku niandikie. Nitapanda basi nije nikae nawe wodini.