Kisu cha babu kilibaki uwanja wa ndege: jibu kwa kijana anayetaka kubeba kisu cha kukunja

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeishi Uingereza, kwao Korogwe, aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Nimeona picha za visu vyako vya kukunja. Nataka nianze na kimoja cha kutembea nacho kila siku. Ninunue kipi?" Nikaanza kumjibu palepale. Nikaandika mistari miwili, nikafuta. Swali lake lilinikuta na kidonda kibichi: siku tisa kabla ya hapo nilikuwa nimepoteza kisu nilichokaa nacho miaka 31.

Namjibu hapa, ili na wengine wenye mapenzi haya msome. Najua mpo wengi, maana kila nikiweka picha ya kisu mnauliza bei kabla ya salamu.

Kisu chenyewe kilikuwa Okapi. Aliyewahi kukishika anakijua: mpini wa mbao ya kahawia uliopambwa kwa mwezi na nyota, na pete ya chuma mgongoni. Ukikikunjua kinalia kra-kra-kra mpaka bapa linyooke, na hakikunjiki tena mpaka uvute ile pete. Babu yangu alikinunua miaka ya sitini, enzi hizo akikata mkonge Muheza. Visu hivi vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, vikilengwa kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Wajerumani waliondoka, visu vikabaki madukani. Mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo cha babu kilikuwa cha Solingen, na nilijua hivyo kwa hesabu ya miaka tu, kwani maandishi kwenye bapa yalikuwa yamelika zamani.

Babu alimenya machungwa kwa kisu kile jioni baada ya jioni. Aliketi barazani, sisi wajukuu tumemzunguka, ganda linashuka jembamba kama utepe mpaka linagusa mkeka bila kukatika. Mimi nilikuwa nikijaribu, ganda linakatika vipande vipande. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usizungushe kisu. Zungusha chungwa." Mwaka 1994 alipoanza kutetemeka mikono alinipa kisu kile, mpini ukinielekea mimi, bapa limekunjwa. Hakutoa hotuba. Alisema tu nisikiache kikawa butu.

Sikukiacha. Kilikata kamba za mizigo bandarini ninakofanya kazi, kilifungua maboksi yasiyo na idadi, kilimenya machungwa ya wanangu watatu. Bapa lilikuwa limeliwa na kinoo mpaka likabaki jembamba kama jani la mwembe. Nilikuwa nikilala kikiwa juu ya meza ndogo karibu na kitanda, na asubuhi mkono wenyewe unakifuata kabla ya funguo.

Na hapo ndipo penye kosa langu. Nilikuwa safarini kikazi, mji wa mbali na nyumbani, nikapigiwa simu usiku kwamba mzazi wa mke wangu amefariki. Nilikata tiketi ya ndege ya asubuhi, nikaondoka na begi moja la mkononi, akili yote iko msibani. Kwenye ukaguzi mashine ikalia. Nikaingiza mkono mfukoni, na kabla sijakigusa nilishajua.

Niliomba. Niliomba waniwekee, niliomba nikiache kwa mtu, niliomba nirudi nje. Abiria walikuwa wanaitwa tayari. Yule mkaguzi alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita mzee, lakini kanuni ni kanuni, na boksi la plastiki lilikuwa pale mezani limejaa mikasi na nyembe. Nikakiweka mwenyewe. Sikutaka akishike mtu mwingine. Siku nne baadaye nilirudi kuulizia, nikapelekwa dirisha moja hadi jingine, na mpaka leo hakuna aliyeniambia vitu vya boksi lile huenda wapi. Hilo bado linaniuma, sitaficha. Lakini aliyekiweka ndani ya boksi ni mimi.

Kwa hiyo kijana, kabla sijakutajia kisu, shika hili: kisu cha urithi hakisafiri. Kibebe nyumbani, shambani, kazini, lakini siku ya safari kinabaki. Usijiambie utakumbuka. Mimi nimebeba kisu miaka 31 na sikukumbuka, kwa sababu kitu ulichokizoea mfukoni hukihisi tena. Siku hizi nina bakuli dogo la mbao mlangoni. Siku ya kusafiri mifuko yote inamwagwa humo, hata kama naenda na basi. Ukiwa na begi kubwa linaloshushwa chini ya ndege, kisu kinakaa humo, kimefungwa vizuri. Ukiwa na begi la mkononi tu, kinabaki bakulini.

Sasa kuhusu kununua. Ulipo wewe, sheria ndiyo inachagua kwanza. Kwa sheria ya mwaka 1988, Uingereza unaweza kutembea na kisu cha kukunja bila kuulizwa sababu endapo bapa lake halizidi inchi 3 na halina kufuli, yaani kitu cha kulishikilia lisikunjike tena. Kikishakuwa na kufuli, hata kiwe kidogo namna gani, unatakiwa uwe na sababu ya maana ya kuwa nacho, na ukikosa unaweza kufungwa hadi miaka minne. Okapi ina kufuli. Opinel namba 8, kisu cha Kifaransa ambacho watu wote watakushauri ununue, ina ile pete ya kuzungusha inayofunga bapa, na bapa lenyewe ni sentimita 8.5. Vyote viwili viache nyumbani kwako. Wewe ni kijana mweusi unayetembea na kisu katika nchi ambayo polisi wake wanasaka visu. Mapenzi yako ya visu hayatasikilizwa barabarani.

Nunua Victorinox, ile Pioneer yenye maganda ya alumini. Haina kufuli, bapa liko ndani ya kipimo, na haina mapambo ya kitoto. Karl Elsener alifungua karakana yake Uswisi mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi visu. Kazi ile ya kijeshi bado unaiona kwenye kisu hiki: kimenyooka, hakina kelele. Kaa nacho mwaka mzima kabla ya kununua cha pili.

Hilo la mwaka mzima nalisema kwa uchungu, kwa sababu mimi nilinunua kumi na mmoja ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa nimepata fedha kidogo, nikaona picha mtandaoni, nikatamani. Nilinunua kisu kilichoandikwa Laguiole, chenye nyuki mgongoni, nikijua nimepata kazi ya kijiji kile cha Ufaransa. Kilipofika, bapa lilikuwa linacheza kama jino bovu. Muuzaji hakujibu tena. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba jina Laguiole limekuwa likipigwa kwenye visu vya kila mahali, hata vya Asia. Jina Solingen ni tofauti, Wajerumani walililinda kwa sheria mwaka 1938. Soma kwanza, nunua baadaye.

Leo ninavyo 23, na kila kimoja naweza kukueleza kimetoka wapi. Ninachojivunia zaidi ni Case, cha Marekani, alichoniletea binamu yangu. Kuanzia mwaka 1970 kiwanda kile kilipiga nukta 10 chini ya jina, na kila mwaka kikapunguza moja. Changu kina nukta 4, yaani ni cha mwaka 1976. Nilipozihesabu mara ya kwanza nilimwita mke wangu jikoni aje aone. Alikuja, akaangalia, akasema ni kizuri. Ni mwanamke mwenye subira.

Kutunza ni jambo dogo lakini watu wanalikosea. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, na chuma cha kaboni kinashika kutu usiku mmoja. Ukishamenya chungwa au kukata limao, futa bapa palepale. Litageuka rangi, litakuwa na weusi wa samawati, usilisugue. Weusi ule unalinda chuma. Kutu ni ile nyekundu. Kwenye kiungo tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yanaganda na kunata, nilishajaribu. Opinel yangu yenye mpini wa mbao hufura masika mpaka bapa halitoki. Niliukausha, nikaupaka nta ya nyuki, ikapona.

Na kunoa ni kwako mwenyewe. Usimpelekee kisu cha mfukoni mnoaji wa baiskeli. Nawaheshimu, mapanga na visu vya jikoni wanavifanyia kazi nzuri, lakini jiwe lile linazunguka kavu, na bapa jembamba linaungua. Nilimpa mmoja kisu changu kingine cha Solingen, kikarudi na ncha ya samawati. Chuma kikishapata rangi ile kwa moto kimepoteza ugumu: unanoa asubuhi, mchana ni butu. Tumia kinoo, maji, na subira. Ukikosa kinoo, geuza kikombe cha udongo, ule ukingo wa chini usio na rangi unanoa vizuri. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kuelekea mgongo wa bapa.

Kingine: watu wataogopa. Ofisini kwangu dada mmoja mgeni aliniona nimekunjua Okapi kufungua boksi, akarudi nyuma hatua mbili. Tangu siku ile nasema kwanza, "Natoa kisu hapa," halafu ndipo nakitoa, taratibu, na kazi ikiisha kinarudi mfukoni. Usikichezee mbele za watu. Usikichomoe mkiwa mnabishana, hata kama ni cha kukatia keki. Kijana anayechezea kisu mbele za watu ananiharibia mimi na wewe pamoja.

Kwenye sanduku langu la visu nafasi ya Okapi iko wazi. Mwanangu wa mwisho alinunua mpya kwa fedha yake mwenyewe, ya Afrika Kusini, yenye mwezi na nyota zilezile, akaniletea. Nilimshukuru, nikamwambia akae nacho yeye. Jumapili hii tumeketi nacho barazani na kapu la machungwa ya Muheza. Ganda lake lilikatika mara nne.

Wewe ukija Desemba, pitia nyumbani. Hiyo Pioneer yako iweke kwenye begi kubwa.