Zungusha picha kabla ya kufundisha modeli

Kama ndiyo unaanza kujenga mitandao ya neva (modeli za kompyuta zinazojifunza kwa mifano) inayofuata ulinganifu wa data, yaani picha ikizungushwa jibu nalo linazunguka vilevile, nakusihi: siku ya kwanza usifundishe chochote. Jenga tabaka zako, ziachie vigezo (namba ambazo modeli hujifunza) vya kubahatisha, pitisha picha moja. Kisha izungushe nyuzi 90, uipitishe tena. Jibu la pili liwe lilelile la kwanza, limezunguka tu. Tofauti ikizidi sehemu chache za milioni, tafuta kosa.

Mimi nilipoteza wiki tatu kwa kulipuuza hilo. Kichujio changu cha 3 kwa 3, yaani dirisha dogo la vigezo linalopita juu ya picha, kilikuwa kikiruka pikseli mbili mbili juu ya picha ya 28 kwa 28. Hesabu mwenyewe: kinaanzia 0, kinakwenda 2, 4, mpaka 24, na pikseli za ukingo wa kulia na wa chini hazisomwi kabisa. Picha ikizungushwa, ukingo unaoachwa ni mwingine. Ulinganifu umevunjika, na hakuna onyo lolote linalotokea. Matokeo yanakuwa hafifu tu, nawe unalaumu data. Nilipoongeza picha ikawa 29 kwa 29, tofauti ilitoweka.

La pili ni gharama. Mwaka 2016 watafiti Taco Cohen na Max Welling walichukua kila kichujio wakakitumia katika mielekeo minne. Kwenye tarakimu za MNIST (picha za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono) zilizozungushwa, makosa yalishuka kutoka asilimia 5.03 hadi 2.28, vigezo vikiwa karibu idadi ileile. Ni kazi nzuri sana, ila usidhani kompyuta inapumzika. Chaneli 20 za kawaida (ramani za majibu ya vichujio), tabaka hadi tabaka, zinahitaji vigezo 20 × 20 × 9, yaani 3,600. Chaneli 10 zenye mielekeo minne: 10 × 10 × 4 × 9, 3,600 vilevile. Lakini ramani zinazokokotolewa sasa ni 40, na kazi ni mara nne. Unachookoa ni mifano ya kufundishia. Muda wa mashine unaulipa.

Kwa hiyo uliza kwanza kama ulinganifu huo upo kweli. Seli chini ya hadubini haina juu wala chini, izungushe utakavyo. Lakini 6 ukiipindua ni 9, na picha ya eksirei ya kifua ukiigeuza kama kwenye kioo, moyo unahamia kulia.