Mario 8-4: kaseti yako ni nzima, ngome ndivyo ilivyo

Mkuu, umesema umefika 8-4, yaani dunia ya 8 stej ya 4, ngome ya mwisho ya Super Mario Bros. ya zamani, unakimbia kulia mpaka muda unakwisha, kuta zilezile zinajirudia, na umeshaanza kuamini kaseti ni mbovu. Kaseti ni nzima. Nimelicheza gemu hili tangu enzi za zile mashine za Kichina za kuchomeka kwenye TV, na 8-4 naipenda kuliko stej nyingine yoyote ya Mario, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kwanza fahamu kwamba umefika mbali. Gemu lilitoka Japani Septemba 1985, likasimamiwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, muziki ukatungwa na Koji Kondo. Kaseti yote ilibeba kilobaiti 40 tu. Ndani ya nafasi hiyo wameingiza dunia 8 zenye stej 4 kila moja, na stej ya nne daima ni ngome. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba ngome ya 5-4 ni ile ya 2-4 iliyoongezewa ugumu, na 6-4 ni 1-4 iliyorudi ikiwa kali zaidi. Lakini 8-4 haijakopa ramani popote. Waliiwekea nafasi yake, na ukiingia unaona kwa nini.

Kiini cha jibu langu ni hiki: 8-4 ni ngumu, lakini haikuonei. Karibu kila inachokudai, ngome zilizotangulia zilishakufundisha. Fimbo za moto zinazozunguka ulikutana nazo 1-4. Miali inayotangulia kabla hujamwona bosi, hiyohiyo 1-4. Njia inayojirudia usipopita panapotakiwa, hiyo ni 4-4, kisha 7-4 ambako unachagua kupita juu, katikati au chini kwa mpangilio wake. Kama ulifika 8 kwa kuruka dunia kupitia mabomba ya 1-2 na 4-2, basi hukupita 4-4 wala 7-4, na ndiyo maana 8-4 inaonekana kama imeharibika. Umefika kwenye mtihani bila kukaa darasani. Watu wengi wanaolalamika kuhusu ngome hii walipita njia hiyo ya mkato.

Sasa tofauti ya 8-4 na nyingine. Gemu zima limekuzoesha kwamba kulia ndiko mbele. Hata katika 7-4, ukipatia njia, unaendelea kulia. Katika 8-4 kwenda kulia hakukufikishi popote: chumba kinajizungusha, unarudi ulipotoka bila mlio wala ishara yoyote. Njia ni mabomba. Yaleyale ambayo tangu 1-1 ulikuwa unaingia kufuata sarafu ukitaka, safari hii usipoingia hutoki. Na si kila bomba: mengine yana mmea tu, mengine yanakurudisha nyuma, moja ndilo linakupeleka chumba kinachofuata. Kwa hiyo acha kukimbia. Simama juu ya kila bomba ubonyeze chini. Ule mmea wenye meno hautoki ukiwa umesimama juu ya bomba au umeligusa kwa ubavu, kwa hiyo pale juu uko salama, vuta pumzi.

Chumba cha pili ndicho kinachokatisha watu tamaa. Bomba la kweli liko juu, na ukiruka kwa kawaida hulifikii. Kuna tofali lisiloonekana. Ruka-ruka sehemu ya karibu na bomba, kabla ya kulifikia, mpaka kichwa kigonge kitu hewani. Tofali litajitokeza, panda juu yake, kisha ruka kwenye bomba. Hapa nakubali walibana. Lakini matofali ya siri yapo tangu 1-1, kuna lile la uhai wa ziada ambalo kila mtoto wa mtaani kwetu alilijua. Aliyezoea kugonga hewa tupu akitafuta vitu, hapa analipwa.

Baada ya chumba cha tatu unatumbukia majini. Ni ngome pekee ya gemu hili yenye maji, na ule muziki wa taratibu wa kuogelea unaanza kupiga huku kuta ni za kijivu na fimbo za moto zinazunguka ndani ya maji. Mpaka leo sehemu hii inanisisimua. Ogelea kwa kubonyeza kidogokidogo, usishike kitufe kwa nguvu, na ngisi wasubiri washuke ndipo upite.

Ukitoka majini unakutana na mrusha nyundo mmoja, na nakuhakikishia huyu ameua watu wengi kuliko bosi mwenyewe. Usimkimbilie. Subiri aruke, pita chini yake.

Halafu Bowser, yule bosi wa ngome. Wale uliowaona kwenye ngome saba za mwanzo walikuwa bandia: ukimpiga risasi za moto yule wa 1-4 anageuka kiuyoga cha kawaida, wa 2-4 anageuka kobe, na kila ngome ina wake. Wa 8-4 ndiye halisi, na ndiye pekee anayetema moto na kurusha nyundo kwa pamoja. Risasi tano zinamwangusha. Ila ndani ya 8-4 hakuna uyoga wa kukukuza wala ua la kukupa risasi, kwa hiyo nguvu unatoka nayo 8-2 au 8-3 na unailinda njia nzima. Ukifika mkubwa bila risasi bado una nafasi: mwingilie, kubali kupigwa, na katika zile sekunde za kumeta-meta pita katikati yake ukaguse shoka lililo nyuma yake, linalokata daraja lake. Ukifika mdogo, subiri aruke upite chini yake.

Kuhusu uhai kuisha: dunia ya 8 haina sehemu ya kuanzia katikati kwenye stej yoyote, ukifa 8-4 unaanza mlangoni. Lakini uhai ukiisha kabisa usizime mashine. Kwenye skrini ya mwanzo shikilia A kisha bonyeza Start, utaanzia 8-1 badala ya 1-1. Sisi tulikuwa tunacheza bila kuijua hiyo, umeme ukikatika au uhai ukiisha tunaanza upya kimyakimya. Njia nyingine ni kutoka 1-2 uchague bomba la dunia ya 3, ukamrukieruke yule kobe kwenye ngazi za mwisho za 3-1 mpaka akuzalishie uhai mwingi. Usizidishe 127, maana ukizidi hapo hesabu inageuka na kifo kimoja tu kinamaliza gemu. Ukishajaza, endelea mpaka 4-2, panda ule mti wa siri unaokufikisha kwenye mabomba ya kuruka dunia, nenda 8.

Kama unataka kuona njia yote ya 8-4 kwa macho, tafuta video za wanaokimbiza muda. Mmoja wao, Niftski, alilimaliza gemu zima chini ya dakika 4 na sekunde 55 mwaka 2021. Uitazame polepole, uangalie ni bomba gani anaingia kila chumba.

Na ukimwokoa binti mfalme, usizime hapo pia. Atakwambia kuna safari mpya na ubonyeze B kuchagua dunia. Chagua ya 1. Ugumu unaoongezwa, wadudu kwenda kasi na majukwaa kufupishwa, kuanzia 5-3 ulishaupitia mara ya kwanza, kwa hiyo dunia za mwanzo ndizo zitakazokuwa ngeni kwako, na viuyoga vyote vitakuwa vimegeuka wale kobe weusi wasiosikia risasi.