Docker Swarm: nitaonaje kazi zinazotembea kwa kila nodi?

Swali: Yaya, habari za Goma. Miye niko Bukavu, nasimamia mashini (nodi) tatu za Docker Swarm, ile ya Docker inayogawa kazi kwa mashini nyingi, moja ndiyo meneja, mbili ni wafanyakazi. Ile ya pili imekuwa nzito tangu juzi na nataka kujua kazi gani zinatembea ndani yake bila kuingia kwa SSH (kuingia kwa mbali) mashini moja moja. Nimeandika `docker node ps` pale pale kwa mashini ya pili, inanikatalia eti hii nodi si meneja. Na `docker ps` kwa ile ya kwanza inaonyesha kontena (programu zilizofungwa kila moja peke yake) mbili tu. Nakosea wapi?

Jibu: Mudogo wangu, komandi umeipata, ila umeiandika pasipo pake. `docker ps` inaangalia mashini uliyoko tu, kama kuna klasta (mashini zilizounganishwa pamoja) au hakuna hiyo si kazi yake. `docker node ps` yenyewe inauliza meneja, juu meneja ndiye anashika daftari ya klasta nzima, mfanyakazi anapewa kazi zake afanye na hata jirani yake anafanya nini hajui, sasa ungemuuliza akujibu nini? Rudi kwa meneja, uangalie majina kwanza halafu uite unayoitaka, tuseme meneja ni bukavu1 na ile ya pili ni bukavu2:

`docker node ls`
`docker node ps bukavu2`

Ukiiandika tupu bila jina la nodi utapata kazi za mashini hiyo ya meneja peke yake, na hapo watu wengi wanashtuka wakidhani huduma (programu walizoiambia Swarm iendeshe) zimepotea. Ukitaka za mashini zote kwa mara moja:

`docker node ps $(docker node ls -q)`

Na kama uko nyumbani na laptopu, si lazima ufungue kikao cha SSH, tangu Docker 18.09 unaweza kuandika `docker -H ssh://jina@bukavu1 node ps bukavu2` ikaenda, mradi funguo zako za SSH ziko tayari.

Bon, kabla sijaendelea. Ule ujumbe wa kukukatalia unakushauri pia uipandishe cheo hiyo nodi iwe meneja. Usifanye hivyo kwa hasira! Mameneja wawili ni wabaya kuliko mmoja, juu wanatakiwa wakubaliane kwa wingi, na wingi wa wawili ni wawili, mmoja akizimika yule mwingine hawezi kuamua kitu, kontena zitaendelea kutembea lakini huwezi kubadilisha chochote. Ama mmoja, ama watatu, na wakiwa watatu unaweza kupoteza mmoja na maisha yanaendelea.

Sasa kusoma ile orodha, na hapa ndipo miye mwenyewe niliumia. Kuna safu mbili, DESIRED STATE na CURRENT STATE. Ya kwanza ni kile meneja anataka, ya pili ni habari ya mwisho aliyopata kutoka kwa nodi, narudia, habari ya mwisho. Mwaka fulani nilikuwa nalinda mashini za duka moja hapa Goma, umeme ukakatika usiku upande mmoja, asubuhi naangalia orodha naona `Running`, nikamwambia mwenye duka kila kitu kiko sawa, kumbe ile mashini ilikuwa imelala tangu saa tano za usiku. Kosa lilikuwa langu, sikusoma mstari wote, uliandikwa hivi:

`web.2   goma3   Shutdown   Running 9 hours ago`

Yaani meneja alishaamua ile kazi isimame, akaanzisha nyingine kwa nodi nyingine, ila goma3 haikuwepo kumjibu kwamba imesimama, basi neno la zamani likabaki palepale. Ni kama karani wa bandari, anaandika abiria wa meli ya kwenda Bukavu, meli ikishatoka, yeye kwa daftari yake wote wako ndani hata kama kuna aliyeshuka Idjwi. Kwa hiyo kila mara soma safu zote mbili pamoja, na uangalie `docker node ls` kama nodi ni Ready au Down. Na umeme ukirudi usidhani kazi zitarudi zenyewe kule, Swarm haihamishi kazi inayotembea vizuri, mashini itakaa bure wakati zingine zinabeba mzigo, mpaka ulazimishe kwa `docker service update --force web`. Labda hata bukavu2 yako ni nzito juu ya hiyo, ilibeba za mwenzake siku alipozimika.

Mistari yenye alama `\_` mbele ya jina ni marehemu, kazi za zamani za nafasi ileile. Swarm inaweka historia, kawaida 5. Ukitaka walio hai tu:

`docker node ps -f desired-state=running bukavu2`

Lakini usikimbilie kuwaficha, marehemu wanasema mengi. Ukikuta `Failed` na kando yake `non-zero exit (137)`, hiyo 137 ni 128 kuongeza 9, maana kontena iliuawa kwa nguvu, na mara nyingi ni memori iliisha. Ikirudiarudia kila dakika chache, uzito wako umeupata. Maneno ya kosa yakikatwa katikati, ongeza `--no-trunc`.

Kitu kimoja `node ps` haitakuambia ni nani anakula memori ngapi, kwa hiyo huko mwishoni SSH utaingia tu, pole, mara moja kwa bukavu2, uandike `docker stats`. Ukiwa pale linganisha `docker ps` yake na ile orodha ya meneja. Kontena za Swarm zina jina refu, la huduma, nukta, namba, nukta, halafu herufi nyingi za ovyo. Ukiona yenye maneno mawili ya kuchekesha yaliyounganishwa na mstari wa chini, hiyo mtu aliianzisha kwa mkono na `docker run`, pengine ni weye mwaka jana ulipokuwa unajaribu kitu, meneja haijui na haiwezi kuonekana kwa `docker node ps` hata ungeandika mara mia. Kabla ya kuifuta piga `docker inspect` uangalie Mounts (folda zilizounganishwa nayo), kama kuna data ndani nakili kwanza, ndiyo uiue.